Nyanya za rojo kutoka kwenye mbegu yako mwenyewe: mwongozo kamili, kuanzia kitaluni hadi mbegu ya msimu ujao

Chukua nyanya mbili sokoni, moja ya duara na nyingine ndefu kama yai, uzikate katikati kwa upana. Ile ya duara ina vyumba vinne, vitano au zaidi, vimejaa maji na mbegu, na ukiinamisha ubao maji yote yanamwagika. Ile ndefu ina vyumba viwili au vitatu tu, kuta zake ni nene, nyama imeshikana na mbegu ni chache. Hiyo ya pili ndiyo nyanya ya rojo. Ukiitia kwenye sufuria inashuka na kuwa nzito kabla kitunguu hakijaungua, na ukitaka kusaga za kuweka kwenye chupa hutamaliza gunia la mkaa ukisubiri maji yakauke. Wa Unguja na Mombasa wataiita tungule, lakini wanaijua vilevile.

Ninalima robo eka kwenye miteremko ya Mlima Meru, upande wa Tengeru, na maji yangu yanatoka kwenye mfereji kwa zamu. Ninayoandika hapa ni ninayofanya kila mwaka. Jambo ninalotaka ulichukue kuliko yote ni hili: lima aina ambayo unaweza kukamua mbegu zake mwenyewe, uzipande tena, zikurudie zilezile. Kazi nyingine zote za nyanya utazikuta kwa kila mkulima. Hii ya mbegu tunaiacha polepole, na ndiyo inayokufanya uwe na nyanya iliyozoea shamba lako.

Mbegu inayorudi ilivyo

Nyanya ya chotara imetokana na wazazi wawili tofauti waliokutanishwa kwa makusudi. Shina lake ni zuri, lakini watoto wake hutawanyika. Mwaka mmoja nilikamua mbegu za nyanya chotara iliyonifurahisha sana, nikapanda mashina arobaini. Mengine yalirefuka, mengine yakabaki mafupi, matunda mengine yakawa ya duara yenye maji, na machache tu yalifanana na mama. Mbegu haikuwa mbovu, ndivyo chotara ilivyo. Kwenye pakiti ukiona F1, hiyo ni chotara. Tafuta iliyoandikwa OPV, yaani mbegu ya kawaida inayojirudia.

Za rojo zinazojirudia zipo za kutosha. San Marzano ni ya urithi hasa. Asili yake ni bonde la mto Sarno, chini ya mlima Vesuvio karibu na Napoli, Italia, na tangu mwaka 1996 jina lake limelindwa kisheria Ulaya kwa nyanya za makopo za eneo hilo. Tunda lake ni jembamba, lenye ncha, mbegu kidogo sana. Ni aina ndefu: shina linapanda na kupanda, kwa hiyo linataka mti wa kuegemea na kamba. Roma VF imetokana na Roma, iliyozalishwa Marekani miaka ya 1950, na wenye msimamo mkali juu ya neno urithi hawaiweki kundi hilo, lakini inajirudia vizuri na imekaa mashambani kwetu kwa muda mrefu. Ni fupi, inazaa kwa mkupuo. Cal J nayo ni fupi, tunda lake lina pembepembe kama tofali dogo na linastahimili safari. Tengeru 97 na Tanya zilitoka kwenye utafiti wa hapa hapa Tengeru. Hazina umbo refu la Roma, ila nyama yake ni imara.

Kuhusu hizo herufi VF: wengi huzisoma kama kinga ya kila mnyauko. V ni vetisilia na F ni fusari, minyauko miwili ya ukungu. Mnyauko wa bakteria haumo, na ndio unaomaliza mashamba mengi ya maeneo ya joto.

Kama ni mara yako ya kwanza, anza na Roma VF au Cal J. San Marzano ije mwaka wa pili, mkono ukishazoea. Pakiti ya kwanza nunua yenye lebo ya ukaguzi na tarehe ambayo haijapita. Gramu moja ina mbegu kama 300, kwa hiyo pakiti ndogo kabisa inakutosha. Familia ya watu sita inahitaji mashina 30 hadi 40, nawe sia mbegu 60 ili uwe na nafasi ya kuchagua miche.

Hesabu kwanza, sia baadaye

Tangu kusia hadi nyanya nyekundu ya kwanza ni kama miezi minne: wiki nne hadi tano kitaluni, sita kukiwa na baridi, kisha siku 75 hadi 85 shambani. Kwa hiyo hesabu kwa kurudi nyuma. Matunda yasikutane na mvua kubwa, kwa sababu ugonjwa wa bakajani chelewa hupenda ubaridi na majani yaliyolowa, na maua yasikutane na joto kali. Usiku ukiwa wa nyuzijoto 15 hadi 20 maua hushika vizuri. Mchana ukizidi 32 au usiku ukikaa juu ya 22 siku nyingi mfululizo, chavua hudhoofika, maua yanakauka kwenye kikonyo na kudondoka. Watu hudhani ni ugonjwa wakakimbilia dawa.

Mimi nasia wiki ya mwisho ya Juni. Baridi ya Julai miche inaipitia ikiwa kitaluni, ninapoweza kuifunika. Mwanzoni mwa Agosti napandikiza, maua yanafunguka Septemba joto linaporudi, na kuanzia katikati ya Oktoba navuna kabla vuli haijakolea. Mtu wa Tanga au Bagamoyo asinifuate mimi. Huko Desemba hadi Machi ni moto mno kwa maua. Asie mwishoni mwa Aprili chini ya paa la nailoni, apandikize masika yakikatika, maua yakutane na kipupwe.

Kitaluni

Mche uliodhoofu kitaluni hautengenezeki shambani hata uupe nini. Ndiyo maana nakaa hapa.

Chagua mahali ambapo kwa miaka mitatu hapajaota ndugu wa nyanya: viazi mviringo, bilinganya, pilipili, nyanya chungu, wala mnavu. Tengeneza tuta la upana wa mita moja, lililoinuka sentimita 15, ili mvua isituamishe maji. Wiki nne kabla ya kusia, lilowanishe, lifunike kwa nailoni nyeupe inayopitisha mwanga, ukandamize kingo zake kwa udongo. Jua litalipika na kuua vimelea vingi na mbegu za magugu. Mwezi wa baridi kama wangu jua halitoshi, kwa hiyo namwagia maji yanayochemka, naacha tuta lipoe siku mbili. Kama unatumia vikombe au trei, changanya ndoo mbili za udongo mweusi, moja ya mboji iliyoiva na moja ya mchanga wa mtoni.

Chora mistari kwa kijiti, sentimita 15 kati ya mstari na mstari, kina sentimita moja na si zaidi. Dondosha mbegu moja moja, ukiacha nafasi ya vidole viwili. Usizimwage kama ulezi, kwani miche iliyobanana hurefuka ikitafuta mwanga na shingo zake huwa nyembamba kama uzi. Funika kwa udongo uliochekechwa, tandaza nyasi kavu kidogo juu, mwagia kwa keni yenye matundu madogo.

Kwenye joto la nyuzi 20 hadi 30 mbegu huota baada ya siku tano hadi nane. Kwenye baridi ya Julai yangu hufika siku 12. Kuanzia siku ya tano inua nyasi kila jioni uchungulie. Kwanza utaona udongo umepasuka kidogo, kisha shingo nyeupe iliyojikunja kama pete, kichwa bado kimefichwa. Jioni hiyohiyo ondoa nyasi zote. Ukichelewa siku mbili tu, miche itakuwa imeinama kufuata mwanga na haitanyooka tena. Weka kivuli chepesi cha makuti au nyasi, kimo cha mita moja, na zungusha chandarua chenye matundu madogo kabisa ili kuzuia inzi weupe, maana hao ndio wanaoleta ugonjwa tunaouita rasta.

Mwagilia asubuhi. Ukimwagilia jioni udongo unalala na majimaji na asubuhi unakuta miche imelala chini, shingo imenyongeka pale inapogusana na udongo. Hicho ni kinyausi. Kikitokea, ng'oa iliyoanguka pamoja na udongo wake, punguza maji, fungua kivuli hewa ipite, nyunyiza majivu makavu juu ya tuta. Miche iliyosalimika huendelea.

Majani ya kweli mawili yakitoka, yaani yale yenye meno baada ya yale mawili laini ya mwanzo, punguza miche ibaki kila sentimita tano. Ondoa kwa kukata na mkasi, usivute, utatikisa mizizi ya jirani. Ukiona chini ya majani kuna zambarau wakati wa baridi, usikimbilie mbolea. Udongo wa baridi huuzuia mzizi kuchukua fosforasi, na joto likirudi rangi huondoka yenyewe.

Siku kumi za mwisho ondoa kivuli polepole, saa mbili leo, nne kesho, hadi mchana kutwa, na punguza maji mpaka majani yalegee kidogo adhuhuri kisha yasimame jioni. Mche ulio tayari una kimo cha sentimita 15 hivi, majani matano au sita, na shina nene kama penseli. Ukiupinda kwa kidole unarudi. Uliozidi hapo na kuanza kutoa maua kitaluni hautakupa zao zuri.

Kuhamishia shambani

Shimo liwe na viganja viwili vya samadi iliyoiva kabisa, isiyo na harufu ya zizi, na kifuniko kimoja cha soda cha mbolea ya kupandia ya DAP kilichochanganywa vizuri na udongo ili mizizi isiguse mbolea tupu. Roma na Cal J weka sentimita 60 kati ya mistari na 50 kati ya mashina. San Marzano mpe 80 kwa 60, maana atataka hewa.

Hamisha jioni au siku ya mawingu. Mwagia kitalu saa chache kabla, ng'oa mche na udongo wake. Kisha fanya jambo ambalo wageni wa nyanya huliogopa: uzike mche mpaka karibu na majani ya chini. Sehemu ya shina iliyozikwa hutoa mizizi mipya, na mche wenye mizizi mingi hukustahimilia jua la Septemba. Mche uliorefuka ulaze kwa mshazari ndani ya mfereji mfupi, kichwa tu kitokeze. Zungusha kipande cha gazeti shingoni, nusu ndani ya udongo na nusu nje, kuzuia sota wanaokata miche usiku. Mwagia, kisha tandaza nyasi kavu au majani ya mgomba, ukiacha nafasi ya kiganja kuzunguka shina.

Maji, na kwa nini nyanya ndefu huoza kitako

Hapa ndipo nyanya za rojo hutofautiana na wenzake. Utaliona tunda likiwa bado la kijani, kubwa kama kidole gumba, kitakoni kuna doa la maji. Baada ya siku chache doa linakuwa jeusi, kavu, limedidimia kama ngozi ya kiatu. Ni kuoza kitako. Si ukungu, si bakteria, wala hakuambukizi. Tunda limekosa chokaa, ile kalisi, pale mwishoni, na nyanya zenye umbo refu huathirika kuliko za duara. Mara nyingi kalisi ipo tele ardhini, lakini husafiri na maji, na maji yakija kwa vipindi, leo mafuriko na wiki nzima ukame, haifiki kitakoni. Fedha utakayonunulia dawa ya ukungu kwa tatizo hili imepotea.

Kwa hiyo maji yawe ya kipimo. Chomeka kidole kwenye udongo chini ya matandazo mpaka kiungo cha pili. Ukihisi ubaridi na udongo unashikamana, subiri. Ukitoka mkavu, mwagia. Kwangu wakati wa matunda ni lita tatu hadi nne kwa shina kila baada ya siku mbili au tatu, chini kwenye shina na kamwe si juu ya majani. Kunyunyiza kidogo kila siku hufundisha mizizi kukaa juu. Zamu yangu ya mfereji ilipokuwa mara moja kwa wiki nilipoteza karibu nusu ya San Marzano. Nilipoweka mapipa mawili na kutandaza nyasi nene, tatizo lilipungua hadi matunda machache ya shada la kwanza, na hayo hutokea kwa karibu kila mtu.

Mbolea ya kukuzia nayo inahusika. Wiki tatu baada ya kupandikiza mpe kila shina kifuniko kimoja cha soda cha CAN, umbali wa kiganja kutoka shinani, ufunike na umwagie. Maua yakianza, rudia kwa kiasi kilekile au tumia mbolea yenye potashi zaidi. Usipite hapo. Naitrojeni ikizidi utapata majani ya kijani kibichi ya kupendeza, maua machache, na vitako vinavyooza.

Kamba na kupogolea

San Marzano msimamishie mti wa mita mbili siku unayopandikiza, kabla mizizi haijatanda. Mfunge kwa kamba ya katani kila anapoongeza kimo cha kiganja na nusu, ukizungusha kwa umbo la nane ili shina lisisuguane na mti. Acha shina moja au mawili tu, na kila wiki vunja kwa vidole vichipukizi vinavyotoka kwapani, vikiwa bado vifupi kuliko kidole.

Roma na Cal J usiwafanyie hivyo. Hizi ni fupi, na matunda yake yanatoka kwenye matawi hayohayo ya kwapani. Nimeona watu wakiyaondoa yote kwa bidii kubwa, kisha wanashangaa shina lina nyanya nane. Ondoa yale tu yaliyo chini ya shada la kwanza la maua, pamoja na majani yanayogusa ardhi. Mti wa mita moja na kamba mbili za kupita pembeni zinatosha kuyanyanyua matunda.

Maadui wanne

Kantangaze ndiye wa kwanza. Nondo huyu asili yake ni Amerika Kusini, naye alionekana Kenya na Tanzania mwaka 2014, na wakulima wengi waliachia mashamba. Kiwavi wake hula katikati ya jani, akiacha ngozi mbili nyembamba kama karatasi ya mafuta. Ukiinua jani juani unamwona ndani, na kinyesi chake cheusi kando yake. Dawa nyingi hazimfikii, na zinazomfikia huzizoea upesi. Kilichonisaidia ni macho: kila siku ya tatu napita mstari kwa mstari, nachuma majani yenye alama, natia kwenye mfuko mweusi wa nailoni, naufunga na kuuacha juani. Naning'iniza mitego ya harufu yenye beseni la maji tangu wiki ya kwanza, na nanyunyiza mwarobaini jioni kwa kubadilishana na dawa nyingine niliyoelekezwa na bwana shamba. Matunda yaliyotobolewa usiyatupe pembeni mwa shamba. Huko ndiko kizazi kijacho kinakotoka, na kwenye joto mzunguko mzima ni kama mwezi mmoja.

Bakajani chelewa huja na ukungu wa asubuhi. Doa la kijivu-kijani kama lililomwagikiwa mafuta, na chini ya jani utando mweupe kabla jua halijachomoza vizuri. Linaweza kumaliza shamba ndani ya wiki. Dawa ya kopa hutangulia, haitibu, kwa hiyo inyunyizwe unapoona wingu limekaa mlimani siku ya pili. Soma siku za kusubiri kwenye kopo na uziheshimu, maana nyanya hizi zinakwenda kwa watoto wako.

Mnyauko wa bakteria: shina limenyauka ghafla likiwa bado la kijani. Kata kipande cha shina karibu na ardhi, kitumbukize ncha kwenye glasi ya maji safi, usikitikise. Baada ya dakika chache ukiona nyuzi nyeupe kama maziwa zinashuka kutoka kwenye mkato, umepata jibu. Hakuna dawa. Ng'oa na udongo wake, choma, na hapo panda mahindi au jamii ya vitunguu kwa miaka kadhaa.

Rasta: majani madogo, ya manjano pembeni, yamejikunja juu, mmea umedumaa. Ng'oa mapema, pambana na inzi weupe.

Kuvuna

Za rojo ziive shambani mpaka nyekundu kote, mabega yakiwemo. Ila joto likizidi nyuzi 30 kwa siku nyingi, wekundu hautengenezeki vizuri na tunda hubaki la machungwa. Wakati huo chuma linapoanza kugeuka rangi, uliweke kivulini ndani, mahali penye hewa, si dirishani juani. Kwa rojo nzito hesabu kama kilo tatu kwa lita moja, na ukitaka kuhifadhi kwenye chupa ongeza maji ya limau, kwa sababu asidi ya nyanya peke yake si ya kuaminika.

Mbegu ya mwaka kesho

Watu wengi huchagua tunda zuri, wakakamua. Chagua shina. Tunda kubwa kwenye shina lenye matunda manne halina la kukufundisha. Mimi katikati ya msimu, wakati matunda ya kwanza yanageuka, napita na nyuzi nyekundu mfukoni. Shina lililozaa mapema, lenye matunda mengi ya umbo moja, lisilo na vitako vilivyooza wakati majirani zake wanavyo, lisilo na dalili ya ugonjwa, nalifunga uzi. Wiki mbili baadaye napita tena, na baadhi ya nyuzi nazifungua, kwa kuwa shina limeanza kuchoka. Yanayobaki na uzi mwishoni yasipungue sita. Mbegu ya shina moja hubana ukoo, na kasoro yake moja inakuwa ya shamba zima.

Ua la nyanya hujichavusha lenyewe, kwa hiyo kuchanganyika si kwingi. Hata hivyo nyuki wapo, na kama una aina mbili ziache mbali, mita 10 au zaidi kwa mbegu ya nyumbani. Kwa uhakika kamili vika shada la maua mfuko wa chandarua kabla halijafunguka, tikisa kila asubuhi, ondoa mfuko matunda yakishashika na uyawekee alama.

Chukua matunda ya shada la pili na la tatu, yaache shinani mpaka yalainike. Yakate katikati kwa upana kwanza na uangalie. Ninataka vyumba viwili au vitatu na nyama nene. Lenye vyumba vingi nalipeleka jikoni hata kama mama yake alikuwa na uzi. Yaliyobaki, kamua mbegu na ute wake kwenye chupa ya kioo, ongeza maji kidogo, andika jina na tarehe, funika kwa kitambaa.

Ule ute unaozunguka mbegu una kizuizi cha kuota. Ndio unaozuia mbegu zisichipue ndani ya tunda. Uchachuke. Siku ya kwanza hakuna kitu. Siku ya pili juu panatanda utando mweupe, vipovu vinapanda ukiinamisha chupa, na harufu yake ni ya togwa lililosahaulika. Hapo mbegu nzito zimeshuka chini na zinateleza bila ute ukizisugua kwa vidole. Kwenye joto la pwani inatosha siku moja na nusu. Kwangu mlimani ni siku tatu. Usisubiri zaidi, zitaanza kuchipua humohumo. Jaza maji, koroga, mwaga zinazoelea, rudia mara nne au tano mpaka maji yawe safi, kisha mimina kwenye chujio la chai.

Kama shamba lilikuwa na madoa ya bakteria, tumia maji ya moto: nyuzijoto 50 kamili kwa dakika 25, ukiwa na kipimajoto mkononi na birika pembeni la kuongezea, kisha zitie kwenye maji baridi mara moja. Ukizidisha unaweza kuua mbegu, ukipunguza unabakiza vimelea.

Zianike kwenye sahani au wavu mwembamba, kivulini, penye upepo. Karatasi inashika, utaibandua mbegu na gazeti lake. Zigeuze kwa kidole mara mbili kwa siku ili zisishikane mafundo. Baada ya siku tano hadi saba chukua moja uikunje: ikikatika zimekauka, ikipinda bado. Ziweke kwenye bahasha ya karatasi, bahasha ndani ya chupa yenye kifuniko kinachobana, na chini ya chupa kijiko cha mchele uliokaangwa ukapoa, unaofyonza unyevu. Mahali pakavu na pa baridi zitakaa miaka minne bila shida.

Kugawana na shemeji au jirani hakuna neno. Kuuza ni jambo jingine: Tanzania, Sheria ya Mbegu ya mwaka 2003 inataka mbegu ya biashara ithibitishwe ubora na TOSCI, taasisi ya serikali ya kuthibitisha ubora wa mbegu, na wakulima wadogo wana njia yao ya mbegu za kuazimiwa ubora.

Wiki ya kwanza ya Juni toa mbegu 20 kwenye chupa, zikunje kwenye kitambaa kibichi, tia kwenye mfuko wa nailoni, weka karibu na jiko. Siku ya nane fungua uhesabu zilizotoa mzizi. Zikifika 16, sia kama kawaida. Zikiwa 10, sia mbegu mara mbili ya kawaida. Mwaka huu zangu zilikuwa 18, na mapipa nimeshayajaza.